Koili ya Nyumba ya Baba

Jumatatu, tarehe 2

Mtaalamu wa matamshi amenipa daftari hili niandike maneno ya Baba. Upande wa kushoto neno alilotaka kusema, upande wa kulia neno lililotoka. Leo alitaka maji, akasema "mlango." Alitaka kwenda msalani, akasema "Jumanne." Aliponiita mimi alisema "mama," na hilo sijui niliweke upande gani, kwa sababu ndivyo alivyoniita tangu nikiwa mdogo.

Kurasa ni nyingi kuliko maneno yake. Zitakazobaki nitaandika yangu.

Ni miezi minane tangu apigwe na kiharusi. Nilikuja kwa wiki mbili.

Alhamisi, tarehe 5

Mtambo wa kupoza nyumba umekufa rasmi. Tangu msimu wa joto uanze ulikuwa ukitoa hewa kama pumzi ya mgonjwa, na leo hata hiyo imekata. Nyuzi thelathini na sita sebuleni saa nane mchana. Daktari alishatuonya: huyu mzee asikae kwenye joto.

Mtambo wenyewe aliufunga Baba kwa mikono yake mwaka niliomaliza shule. Alikuwa fundi wa mafriji na viyoyozi maisha yake yote. Wakati wa joto unaleta baridi, wakati wa baridi unageuza mzunguko na kuleta joto, na sehemu ya ndani kaificha darini juu ya korido, mahali ambapo mtu mzima huingia kwa tumbo kama mjusi. Wakati ule nilimwomba nipande nimshikie tochi. Akasema hiyo kazi ni ya kaka yako. Kaka akapanda, akashuka anapiga chafya, na hajawahi kushika spana tena hadi leo. Mimi ufundi nilikwenda kujifunza mji mwingine, na Baba alijua siku nilipomwonyesha cheti. Alikisoma, akakikunja, akanirudishia.

Nimepanda kuangalia. Koili, yale mabomba yaliyokunjwakunjwa ambamo gesi hupita ikipoza hewa, imetoboka. Mafuta yamevuja kwenye mapezi yote, na nilipopaka povu la sabuni likachemka sehemu tano kwa mpigo. Hapo hakuna kuziba. Inatakiwa koili mpya.

Nimemweleza Baba kila kitu nikimnywesha supu, kama mtu anayeelewa, kwa sababu anaelewa. Nikamwambia na jambo la barua ya kazi niliyoletewa. Ghala la kuhifadhia samaki na nyama, safari ya siku nzima kutoka hapa, wananitaka niwe fundi mkuu wa zamu. Niripoti tarehe kumi na tano mwezi ujao. Nikasema: "Koili ikikaa, nyumba ikapoa, Mama Polepole akikubali kulala hapa akutunze na usiku, nitaweza kwenda. Unaonaje, Baba?"

Akasema ndiyo. Ila ndiyo yake na hapana yake hubadilishana viti.

Jumamosi, tarehe 7

Koili nimeagiza. Wiki moja na zaidi. Joto.

Jumatano, tarehe 11

Nimevuta gesi yote iliyobaki nikaiingiza mtungini, nimekata mabomba, nimeishusha koili ya zamani. Kulisema ni sekunde moja, kulifanya ni siku. Juu kule huwezi kukaa, huwezi kupiga magoti, huwezi kugeuka. Ukiingia kwa kichwa unatoka kwa miguu. Bati liko shubiri moja juu ya kisogo na linachoma kama pasi. Jasho linaingia machoni na mkono wa kulifuta hauna nafasi ya kupita.

Baba amekaa chini ya tundu la dari kwenye kiti chake, fimbo mkononi. Anaposikia nakosea anagonga ngazi. Nilipoanza kukata bomba la kwanza akagonga mara mbili.

"Nini tena?"

"Kijiko," akasema.

Nikatazama. Ningekata pale, ningeharibu kona ninayoihitaji. Nikasogeza msumeno. Akaacha kugonga. Sikumshukuru, na nilijiona nisivyomshukuru.

Jumapili, tarehe 15

Joto. Hakuna jipya.

Jumatatu, tarehe 16

Koili imefika. Nimetandika shuka kuukuu koridoni nikapanga vitu vyote: koili yenyewe, inang'aa kama kitabu cha bati, vali ndogo inayopima gesi ikiingia, kichujio, viwiko vya shaba, na kiunganishi kimoja cha kuoanisha bomba la zamani, ambalo kipimo chake hakitengenezwi siku hizi.

Mama Polepole akasimama na ufagio akivitazama. Huyu ndiye anayemshughulikia Baba mchana: anamwogesha, anamlisha, anamfanyisha mazoezi ya mkono. Jina hilo tulimpa kwa mwendo wake. Akiitwa jikoni unaweza kusoma ukurasa mzima kabla hajatokea. Lakini mkono wake hauna papara, na Baba akiwa naye hagombi.

"Hiki kichuma ni cha nini?"

"Vali."

"Na hiki kichuma kingine?"

"Kichujio."

"Na kile kichuma pale?"

"Mama Polepole, vyote ni vichuma."

"Basi si ungesema tangu mwanzo," akajibu, akaenda zake.

Nimemuuliza kuhusu kulala hapa nikiondoka. Amesema atakubali, bora chumba kiwe na baridi. Nimeandika hilo kwa herufi kubwa kichwani mwangu.

Jumanne, tarehe 17

Dereva, jirani yetu wa ukuta mmoja, amekuja kunisaidia kuipandisha koili. Imekaa. Nimeinamisha sinia la kukingia maji ya koili upande wa bomba la kutolea, Baba akigonga ngazi hadi pima-maji ilipotulia naye akaridhika. Kesho vali, keshokutwa kuchomelea. Wiki ijayo tunalala kwenye baridi.

Jumatano, tarehe 18

Vali haionekani.

Nimepekua boksi, shuka, mfuko wa vifaa, chini ya kabati, pipa la takataka mpaka kwenye maganda. Jana jioni ilikuwa hapo. Nimeiona kwa macho yangu. Au ilikuwa juzi?

Ijumaa, tarehe 20

Vali nyingine imeagizwa. Siku nne.

Kaka amepiga simu. Yeye hupiga Ijumaa, akiwa kwenye gari, ili asiweze kuzungumza sana.

"Mdogo wangu, kwani hamwezi kufunga zile za ukutani mkamaliza? Huo mtambo wa Baba ni wa enzi za kale."

"Mashine ya nje bado nzima, Kaka. Imebaki koili tu."

"Haya. Wewe ndiye mtaalamu." Kisha akasema, "Baba ana bahati kuwa na wewe."

Neno hilo nimelisikia miezi minane sasa, kutoka kwake, kwa majirani, kwa daktari. Kila anayelisema anakuwa tayari ameshika kitasa cha mlango.

Jumanne, tarehe 24

Vali imefika, nimeifunga saa hiyohiyo bila hata kuiweka chini. Nikashuka kuchukua kiunganishi ili nichomelee.

Kiunganishi hakipo.

Nilikaa sakafuni koridoni nikatazama ile shuka. Baba alikuwa kitini, kafumba macho. Nilijiuliza kama nami kuna kitu kinaanza kulegea kichwani. Pengine ugonjwa huu unakaa kwenye kuta za nyumba hii. Mtu anatafuta neno analikosa, anatafuta kichuma anakikosa.

Fundi wa karakana ya mabomba amesema atanichongea kingine. Siku tano, akijitahidi.

Alhamisi, tarehe 26

Nyuzi thelathini na nane. Nimeweka beseni la barafu mbele ya feni. Barafu ilimalizika kabla ya saa sita.

Baba: alitaka taulo, akasema "barabara."

Jumatatu, tarehe 30

Niandike polepole.

Asubuhi kiunganishi kilikuja. Nikajisemea leo ndiyo leo. Nikapandisha mtungi wa kuchomelea, nikashuka kuchukua kichujio, ambacho nilikiacha kwenye rafu ya juu jikoni kwa makusudi, mbali na kila kitu. Rafu ilikuwa tupu. Nikaanza kufungua makabati kwa fujo. Wakati huohuo nikasikia kitu kizito kimeanguka koridoni.

Baba alikuwa chini, uso umekuwa na rangi ya majivu, ngozi kavu, moto kama jiko. Hajibu. Mama Polepole alikuwa nyuma anaanua nguo. Nilipomwita alikuja mbio. Sijawahi kumwona akikimbia. Tukamvuta hadi bafuni, tukammwagia maji, tukamwekea vitambaa vya barafu kwapani na shingoni. Dereva akaleta gari. Njia nzima nilikuwa nimeshika mkono wake usio na nguvu, nikijua kabisa kwamba hauwezi kunishika na mimi.

Daktari akasema tumewahi. Ni joto. Akaniuliza, mimi, fundi wa viyoyozi, kwa nini nyumba haina baridi.

Tulirudi saa kumi alasiri, Baba akiwa na dripu ya pili mwilini, amechoka lakini mzima. Tukamlaza. Nikatoka uani, Mama Polepole anamalizia kuanua zile nguo. Dereva bado alikuwa getini. Nilisema yote mbele yake.

"Vitu vyangu viko wapi?"

"Vitu gani?"

"Vali. Kiunganishi. Leo kichujio. Nyumba hii ina watu watatu. Mmoja hawezi kutembea bila fimbo, mwingine ni mimi. Niambie ulivipeleka wapi."

Alikunja shati la Baba, akaliweka juu ya mengine. "Mimi nifanyie nini vichuma vyako?"

"Ndicho ninachokuuliza. Leo alikaribia kufa kwa sababu ya mikono yako."

Hakupandisha sauti. "Huyu mzee nimemwogesha miezi minane," akasema. "Wewe wiki ya kwanza ulikuwa unatoka nje ukilia kwa kinyaa, mimi nikakwambia nenda, niachie. Na leo unaniita mwizi na muuaji, mbele ya mwanaume wa watu."

Akaingia ndani, akavua aproni, akaitundika. Akapita chumbani kwa Baba, sijui alimwambia nini. Kisha akaondoka kwa mwendo wake uleule, na mimi nikasimama nikimwangalia mpaka kona ya mtaa. Ilichukua muda mrefu sana. Ningeweza kumwita mara ishirini.

Jumanne, tarehe 1

Nimemwogesha mwenyewe. Nimemlisha, nimemgeuza, nimemfanyisha mazoezi. Kutwa nzima alikuwa akitazama mlango.

"Amekwenda," nikamwambia.

Akasema "sukari" mara nyingi, akipiga ngumi pajani kwa mkono mzima. Nikampa chai yenye sukari. Akaimwaga.

Ijumaa, tarehe 4

Kaka hawezi kuja. Ana kikao.

Jumamosi, tarehe 5

Siwezi kutoka hata kwenda dukani kufuata kichujio. Nikimwacha dakika kumi peke yake moyo haukai. Dereva yuko safarini. Duka la vifaa halipeleki bidhaa mpaka Jumatano. Koili iko juu imefungwa nusu, ncha zake nimeziziba kwa utepe. Nazunguka: chumba cha Baba, jikoni, korido, bafu, korido, chumba cha Baba. Nimehesabu hatua za korido. Ni kumi na moja.

Jumatatu, tarehe 7

Leo nimejua.

Nilikuwa nimelala chali sakafuni, pale korido inapokuwa na ubaridi kidogo, nikivipanga vile vitu vitatu akilini. Vali. Kiunganishi. Kichujio. Kwenye ile shuka kulikuwa na vitu zaidi ya ishirini, vingine vinang'aa na kupendeza kuliko hivyo: viwiko vya shaba, roli nzima ya bomba, geji. Hakuna kilichoguswa. Vilivyopotea ni vile tu ambavyo huwezi kubabaisha. Ukikosa kiwiko utakunja bomba. Ukikosa vali, utakaa usubiri. Na vilipotea kimoja kimoja, kila kimoja siku ileile nilipokihitaji, kwa mpangilio wa kazi.

Aliyevichukua anaijua kazi. Mama Polepole hajui tofauti ya vali na kitasa.

Niliinuka nikaenda chumbani kwa Baba. Alikuwa ameegemea mito. Nilifungua kabati, nikatoa nguo zake zote, sikuona kitu. Nikapiga magoti. Chini, nyuma kabisa, zilikuwepo buti zake za kazi ambazo hajazivaa tangu augue. Niliingiza mkono mpaka kwenye vidole.

Niliviweka vyote vitatu juu ya meza ya kitandani, mbele yake. Alivitazama. Kisha kwa mkono wake mzima akavisogeza, akavipanga kwenye mstari, kichujio mbele, vali ikifuata, kama gesi inavyopita. Mazoea ya miaka arobaini.

"Kwa nini, Baba?"

"Sanduku," akasema.

Nilichoka. Nikasema, "Sikuulizi sanduku. Umemponza mama wa watu. Umeanguka mwenyewe, nusura ufe. Nakuuliza kwa nini."

"Sanduku," akarudia, na akanyoosha kidole. Si dirishani, si kabatini. Alikuwa anaonyesha ukutani, upande wa chumba changu, chini, mahali kilipo kitanda changu. Sanduku langu la safari liko hapo tangu nije, nguo nusu ziko ndani bado.

Lilikuwa neno sahihi. Wiki nzima hilo tu ndilo lililotoka kama lilivyokusudiwa.

Niliondoka chumbani nikaenda kusimama uani kwenye jua. Nilikuwa na hasira ya kupasua kitu. Miezi minane nimejiona nimefungiwa humu na mtu asiyejua nimefungiwa, kumbe ufunguo alikuwa nao yeye, anautia kwenye buti. Nilipopoa kidogo likanijia lingine ambalo sikulitaka. Angedhani siwezi kuifunga koili ile, asingehangaika kuficha kitu.

Jumatano, tarehe 9

Mke wa Dereva amekaa na Baba saa moja. Nimekwenda kwa Mama Polepole, mitaa mitatu kutoka hapa, nyumba ya vyumba viwili yenye pazia la buluu mlangoni. Nilimwambia yote, nimesimama, kwa sababu hakunikaribisha kiti.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mzee wa watu. Aliogopa."

"Nimekukosea sana. Naomba unisamehe."

"Nimekusamehe."

"Utarudi lini?"

"Kurudi sirudi." Alisema bila chuki. "Kusamehe ni kwa moyo wangu, nilale vizuri. Lakini kule kwenu kila kijiko kikipotea nitakuwa natetemeka."

Nilitembea kurudi nyumbani. Hakuna wa kumlaumu ila mimi.

Alhamisi, tarehe 10

Nimechomelea leo. Naitrojeni ikipita taratibu ndani ya bomba ili shaba isiungue ndani, moto mdogo, mikono imetulia. Sikuwa na haraka tena. Nimeacha tundu la dari wazi na feni ikielekezwa juu. Baba chini, fimbo mapajani. Hakugonga hata mara moja.

Ijumaa, tarehe 11

Jana jioni nilijaza naitrojeni kwa shinikizo nikaiacha usiku kucha. Asubuhi sindano ya geji haijasogea hata unywele. Nimewasha pampu ya kuvuta hewa, saa tatu nzima. Imeshika. Nikafungulia gesi.

Saa tisa na dakika ishirini alasiri hewa baridi imetoka kwenye matundu ya vyumba vyote vinne. Baba alifumba macho, akainua kidevu. Nyuzi ishirini na nne. Nilikaa sakafuni karibu na miguu yake, jasho likinikaukia mgongoni, hadi saa ya dawa.

Kazi safi. Sina wa kumwachia mgonjwa.

Jumanne, tarehe 15

Leo ndiyo siku niliyotakiwa kuripoti. Nilipiga simu saa mbili asubuhi. Msimamizi wa ghala aliniambia kwa kuwa sikuwa nimethibitisha walimwita mtu wa akiba, naye ameshafika, ameanza. Alikuwa mpole. Nikamshukuru.

Nimefua mashuka.

Alhamisi, tarehe 17

Nyumba ina baridi nzuri. Majirani wanapita kusalimia na hawaondoki. Wanasema Baba ana bahati.

Ijumaa, tarehe 18

Asubuhi nilipanda darini kukaza bomba la kutolea maji, lilikuwa linadondosha. Dakika ishirini, labda ishirini na tano. Niliposhuka kiti kilikuwa kitupu. Nikadhani yuko msalani. Hayuko. Kitandani hayuko. Geti lilikuwa wazi.

Tangu augue hajavuka geti lile isipokuwa kwa gari. Nilitoka peku. Mtaa mzima mweupe kwa jua, saa nne na nusu, na hakuna mtu. Nikakimbia upande wa duka la dawa. Muuza dawa akasema hajamwona. Nikakimbia upande wa barabara kubwa, magari yanapita, nikatazama mpaka kwenye mtaro. Wakati wote nilikuwa nikifikiria mambo mawili, na sitaandika moja tu nikaficha la pili. Moja: asiwe amekufa. Mbili: akifa, nitakuwa huru. Lilikuja lenyewe, likakaa, nikaendelea kukimbia nalo.

Mwanamke aliyekuwa anachota maji akaniuliza, "Unamtafuta mzee mwenye buti? Kapita hapa, anapumzika kila ukuta."

Nilimkuta kwa Mama Polepole. Alikuwa amekaa kizingitini chini ya lile pazia la buluu, shati limelowa chapa, buti miguuni, kamba hazijafungwa, ya kushoto iko kulia. Mama Polepole alikuwa amechuchumaa mbele yake akimpepea kwa sahani. Kwenye kiganja cha Mama Polepole kulikuwa na vali ile ya kwanza.

"Mimi," Baba alikuwa anasema, anajigonga kifua. "Mimi. Mimi."

"Nimesikia, mzee wangu. Nimesikia tangu ulipofika."

"Mimi."

Mama Polepole akanitazama. "Ametembea mitaa mitatu kuja kuniambia hilo. Mimi mwenyewe mitaa hii naitembea nikiwa na sababu."

Nilikaa chini kwenye vumbi, nikamvua buti, nikamvalisha upya, kila moja kwenye mguu wake. Nilikuwa nalia na sikujificha. Baba aliweka mkono wake mzima juu ya kichwa changu, mzito, kama mtu anayeegemea.

"Ninayo masharti," Mama Polepole akasema nyuma yangu.

"Yaseme."

"Jumapili ni yangu. Kitu kikipotea, unaniuliza kama mtu, tukakitafute pamoja. Na yule dereva aliyekusikia ukinisema, utamwita, utanisafisha mbele yake kwa mdomo uleule."

"Nitamwita kesho."

"Na usiniombe radhi tena. Utanichosha."

Jumamosi, tarehe 19

Nimemwita Dereva na mkewe. Nimesema. Mama Polepole alisimama pembeni mikono nyuma, kama anayesikiliza risala. Nilipomaliza akasema, "Haya, imetosha," akaenda kumtayarishia Baba maji.

Jumatano, tarehe 23

Nimemuuliza Baba tena, safari hii bila mdomo, kama mtaalamu alivyonifundisha. Niliandika kwenye karatasi mbili. Kwenye moja NIBAKI, kwenye nyingine NIENDE. Nikaziweka mapajani mwake nikatoka, nisimbane kwa macho.

Niliporudi alikuwa amezishika zote mbili. Kisha akanipa moja, nyingine akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati.

Aliyonipa ni NIENDE. Sikumuuliza ile nyingine.

Jumatatu, tarehe 28

Nilimpigia msimamizi wa ghala bila matumaini. Ile nafasi ya mkuu imekwenda. Ipo ya fundi wa kawaida, wiki tatu kazini, wiki moja nyumbani, chini ya yule aliyechukua yangu. Amesema nikiona aibu niache, nikitaka kazi nije. Nimesema nakuja.

Nimempigia Kaka nikamweleza kwamba wiki moja katika kila nne, mimi nikiwa safarini, atakuja kulala hapa, si kupiga simu. Akasema ataangalia ratiba. Nikamwambia ratiba nimeshaiangalia mimi. Kisha akaniuliza, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tukiwa watoto, kama Baba anamkasirikia. Nikasema njoo umuulize.

Jumapili, tarehe 3

Mawingu. Kaka amefika na begi dogo. Amesimama chini ya tundu la dari akasema kumbe ni padogo hivi. Baba amecheka, upande mmoja wa mdomo.

Jumatatu, tarehe 11

Ghalani, siku ya kwanza.

Nalala chumba cha vitanda vinne na wanawake watatu wa kitengo cha kufungasha. Kina dirisha moja, linatazama ukuta. Bosi wangu ni kijana wa miaka ishirini na tisa, mstaarabu, ananiita dada na anajua kazi. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, itabidi nitafute muda mwingine.

Amenizungusha kote: mashine, mabomba, vipimo. Mwisho akanipeleka chumba cha kugandisha, mlango mnene kama godoro. Nyuzi ishirini chini ya sifuri. Nikavaa koti zito.

"Kila mgeni lazima afanye jaribio hili," akasema. "Nakufungia ndani. Taa nazima. Kuna kitasa upande wa kulia, kinafungua hata mlango ukiwa umefungwa kwa nje. Ukitafute kwa mkono. Usikimbilie."

Akafunga. Giza na ukimya, pumzi yangu ikiniganda puani. Nilishtukia nimesimama tu, sitafuti chochote, mikono imening'inia. Sijui ni muda gani. Kwa nje akagonga: "Dada, vipi huko?"

"Niko sawa," nikasema.

Nikainua mkono wa kulia, nikapapasa chuma, nikakipata kitasa, nikasukuma. Mlango ulikuwa mzito lakini ulifunguka.